JIWE LA MEZA YA BWANA: MARUMARU YA RANGI YA MAJIVU KUTOKA CARRARA



Kila mtu hapa shuleni amekwisha kuona mabaka yale juu ya Meza ya Bwana katika kanisa letu. Wengi wameuliza: nani aliharibu jiwe? Na tena: namna gani jiwe gumu hivi linaweza kuharibika kwa kitu kidogo? Leo nitajibu maulizo yote mawili. La kwanza ni fupi. La pili ni refu, sababu linaanza chini ya bahari, miaka mingi kabla mtu hajakuwa duniani.

1. Namna jiwe lilivyoharibika

Jumamosi moja, kabla ya Siku ya Meza ya Bwana, wanafunzi watatu wa mwaka wa pili walikuwa na zamu ya kusafisha kanisa. Mimi nilipita kuangalia kazi, sawa inavyonipasa kama kapita wa wanafunzi. Juu ya jiwe kulikuwa matone ya nta ya mishumaa. Nikaangalia rangi ya jiwe, nikaona ni ya majivu, nikasema: "Hii marumaru imechafuka. Marumaru ni nyeupe. Kamateni ndimu na mchanga, musugue mpaka irudie rangi yake."

Walitii. Kisha dakika chache mmoja alikuja mbio: "Kapita, kuya uone! Jiwe iko inatoa povu. Iko inakuwa mubaya." Mimi nikajibu bila kwenda kuangalia: "Endeleeni tu. Ni uchafu ndio unatoka."

Haikuwa uchafu. Lilikuwa jiwe lenyewe.

Jumatatu watoto wale watatu walipewa azabu ya kukata majani siku tatu. Hawakusema ni nani aliwaagiza. Mimi nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu niliwaona na panga mikononi wakati wa jua kali, nikashindwa kula. Nikaenda kwa biro ya Bwana Prefe nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akawaondolea watoto azabu, akanipa mimi kazi mbili: kumaliza majani yale, na kuandika maelezo haya. Alisema: "Ulitoa amri juu ya kitu usichokijua. Sasa ukijue, halafu utujulishe na sisi." Ndiyo sababu ya maandishi haya.

2. Jina lake na kwao

Mwalimu wa shimi na mimi, pamoja na wanafunzi wengine wawili, tuligeuza bamba lile la jiwe. Chini yake, pahali ambapo halikung'arishwa, kuna maandishi ya zamani ya kreyo: Bardiglio, Carrara. Wazee wa kanisa wanasema zamani lilikuwa juu ya kabati la kunawia katika nyumba ya wamisionari. Baadaye seremala alilitengenezea miguu ya mbao, likawa Meza ya Bwana.

Carrara ni mji wa Italia, katika jimbo la Toscana, karibu na bahari. Nyuma ya mji inasimama milima inayoitwa Alpi Apuane, ambayo kilele chake kirefu kinapita metre 1.900. Msafiri akitazama kutoka pwani anaweza kudhani milima ina teluji hata wakati wa joto. Mara nyingi si teluji. Ni vipande vya marumaru vilivyomwagwa kwenye miteremko kutoka machimbo.

Marumaru nyeupe ya Carrara inajulikana dunia nzima. Lakini milima hiyo inatoa pia marumaru ya rangi ya majivu inayokaribia buluu kidogo. Hiyo ndiyo Bardiglio, nayo hutamkwa karibu na "Bardilyo". Inapatikana Carrara na pia upande wa Seravezza, kusini kidogo ya hapo. Ina majina mbalimbali kufuata sura yake. Ile inayoitwa Imperiale imekoza rangi na ina mishipa myembamba. Nuvolato maana yake ni "yenye mawingu". Fiorito maana yake ni "yenye maua", kwa sababu mishipa yake inapambanapambana. Cappella inapata jina lake kwa pahali inapochimbwa, karibu na Seravezza.

Basi kosa langu la kwanza lilikuwa hili: nilidhani marumaru yote ni nyeupe. Hata kama ningesoma Biblia yangu kwa uangalifu ningejua. Kitabu cha Esta, sura ya 1, kinaeleza sakafu ya jumba la mfalme iliyotengenezwa kwa mawe ya rangi nyingi, si nyeupe peke yake.

3. Namna jiwe hili lilivyozaliwa

Zamani sana, karibu miaka milioni 200 iliyopita, pahali pale pa Carrara palikuwa na bahari ya joto isiyo na kina kirefu. Ndani yake waliishi viumbe wengi wenye magamba na mifupa ya chokaa. Walipokufa, magamba yao yalianguka chini, yakavunjika, yakawa matope meupe. Tabaka moja lilifuata lingine, mpaka yakashindiliana na kuwa jiwe la chokaa. Katika somo la shimi tunaliita karbonati ya kalsiumu. Ni kitu kile kile kilichomo katika gamba la yai na gamba la konokono.

Baadaye sana, milima ya Italia ilipoanza kukunjwa na nguvu za dunia, jiwe lile lilisukumwa chini kwenye kina cha kilometre nyingi. Wataalamu wanahesabu kama jambo hilo lilifanyika karibu miaka milioni 27 iliyopita. Huko chini joto lilifika kati ya digri 350 na 450 hivi, na uzito wa miamba ya juu ulilikamua pande zote. Jiwe halikuyeyuka. Lakini chembe zake ndogo ziliungana na kukua, zikawa fuwele zinazoshikana sawa mawe ya ukuta uliojengwa vizuri. Magamba ya zamani yalipotea, hayaonekani tena. Halafu milima ilipanda, mvua ikaondoa miamba ya juu, na marumaru ikatokea kwenye mwangaza.

Vunja kipande cha marumaru, ukiweke kwenye jua na kukigeuza polepole. Utaona kinametameta sawa sukari. Zile ni fuwele.

4. Rangi ya majivu inatoka wapi?

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Pahali pengine katika bahari ile matope yalikuwa safi kabisa. Hayo yalizaa marumaru nyeupe. Pahali pengine yalichanganyika na mabaki ya vitu vilivyokuwa hai, yaliyooza pale ambapo hewa ilikuwa kidogo. Mabaki hayo yana kaboni ndani yake. Jiwe lilipopashwa joto na kukamuliwa, kaboni hiyo iligeuka kuwa vumbi jembamba sana la grafiti, kitu kile kile cheusi kilicho ndani ya kreyo tunayoandikia. Pamoja nayo kuna punje ndogondogo za piriti, madini ya chuma na salfa. Vumbi hilo limeenea katikati ya fuwele nyeupe, na macho yetu yanaona rangi ya majivu.

Kwa hiyo rangi hii haiko juu ya jiwe sawa vumbi juu ya benchi. Iko ndani, kutoka upande mmoja mpaka upande mwingine. Ukisugua mpaka jiwe liishe, vumbi la mwisho litakuwa bado la rangi ya majivu. Mimi niliwaagiza watoto wasafishe kitu ambacho hakikuwa kichafu. Nilikuwa sawa mtu anayemwambia mwenzake anawe mpaka ngozi yake igeuke rangi.

5. Watu waliolitumia

Warumi walianzisha mji wa Luni, karibu na milima hiyo, mwaka 177 kabla ya Kristo. Katika karne iliyofuata kazi ya kuchimba marumaru ikawa kubwa, na mawe yalipelekwa Roma kwa njia ya bahari. Mgiriki mmoja jina lake Strabo, aliyeandika juu ya nchi za dunia katika siku za Kaisari Augusto na mrithi wake, alitaja machimbo ya Luni. Hakutaja jiwe jeupe tu. Alitaja pia jiwe lenye rangi ya majivu na buluu. Kaisari huyo ndiye tunayemsoma katika Luka sura ya 2. Ina maana kwamba siku Bwana wetu alipozaliwa, ndugu wa jiwe la meza yetu walikuwa wakisafiri kwenda Roma.

Baada ya ufalme wa Roma kuanguka kazi ilipungua, kisha ikarudi. Kanisa kubwa la Carrara, lililojengwa kwa karne kadhaa za Zama za Kati, lina uso wa mistari: safu nyeupe, safu ya rangi ya majivu. Mwaka 1497 Michelangelo alikwenda Carrara kutafuta jiwe jeupe la sanamu ya Pieta, ile iliyoko Roma mpaka leo.

Wachongaji wa sanamu walipenda jiwe jeupe kwa sababu mwangaza unaingia ndani yake kidogo sawa katika ngozi ya mtu. Bardiglio ilipewa kazi nyingine, na katika kazi hizo inapita nyeupe. Ilitumika kwa kitako cha sanamu, ili sanamu nyeupe ionekane vizuri juu yake. Ilitumika kwa sakafu za makanisa, bamba moja jeupe na moja la majivu, sawa ubao wa dama. Katika karne ya 19 ilitumika sana kwa meko ya nyumba za Ulaya, makaburi, na juu za makabati ya kunawia. Kwa njia hiyo bamba letu lilifika huku.

Wajenzi wanaochora nyumba leo wanalipenda bado. Wanasema rangi ya majivu inatuliza macho, haipigani na mbao wala na chuma, nayo haionyeshi kila vumbi sawa nyeupe. Mafundi hodari hukata jiwe moja mabamba mawili yanayofuatana, wakayafungua sawa kitabu, ili mishipa ya upande wa kushoto ilingane na ya upande wa kuume.

Hata nchi yetu iliona marumaru ya Carrara kwa wingi. Majumba ya Rais Mobutu huko Gbadolite yalipambwa kwa jiwe hilo. Baada ya utawala wake kuanguka mwaka 1997 majumba yaliporwa, na yamebaki magofu. Jiwe zuri halilindi nyumba ambayo haina wa kuitunza.

6. Jasho lililo ndani ya jiwe

Ukikata marumaru leo unatumia waya wa chuma wenye shanga za almasi, unaozungushwa na mashine huku maji yakimwagika. Njia hiyo ilienea kuanzia miaka ya mwisho ya 1970. Zamani haikuwa hivyo. Warumi walichonga mfereji katika mwamba, wakatia vipande vya mbao kavu, wakavimwagia maji. Mbao zilivimba na kulipasua jiwe. Baadaye walitumia baruti, ambayo ilivunja mawe mengi bila faida. Mwisho wa karne ya 19 ulikuja waya mrefu wa chuma uliokata kwa msaada wa mchanga na maji.

Kushusha jiwe kulikuwa kubaya zaidi ya kulikata. Metre kibe moja ya marumaru ina uzito wa kilo 2.700 hivi. Jiwe la metre kibe kumi tu ni tani 27. Wafanyakazi walilifunga juu ya magogo, wakaliteremsha mlimani kwa kamba nene, na mbele yake watu waliweka magogo mengine yaliyopakwa sabuni ili liteleze. Kamba ikikatika, aliyeko mbele hana pa kukimbilia. Kazi hiyo waliiita lizzatura, nayo iliendelea mpaka miaka ya 1960. Treni ya marumaru ilifanya kazi huko kuanzia 1876 mpaka 1964, kisha kamyo zikachukua nafasi yake. Mwaka 1911 mwamba ulianguka katika chimbo la Bettogli, ukaua wafanyakazi 10 kwa mara moja. Hata katika siku zetu watu wanakufa bado katika machimbo hayo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Sehemu kubwa ya jiwe linalotoka katika milima ile haiwi bamba wala sanamu. Ni vipande, navyo vinasagwa kuwa unga mweupe wa kutia katika karatasi, katika rangi za kupaka, na katika dawa ya meno. Wenyeji wa Carrara wanabishana kwa ukali juu ya hilo. Wengine wanasema: ni kazi, inalisha watoto. Wengine wanasema: mlima hauoti tena, na uji mweupe wa mashine unaziba chemchemi na mito yetu. Sisi watu wa nchi yenye madini tunafahamu mabishano ya namna hiyo bila kutafsiriwa.

7. Tabia za jiwe hili

Sasa nifike kwenye lile la faida kwetu sote. Tulijaribu mambo haya katika laboratwari, juu ya kipande kidogo kilichovunjika zamani kwenye kona ya bamba.

Uzito. Bamba letu lina urefu wa santimetre 120, upana wa 60 na unene wa 3. Piga hesabu: utapata kilo 58 hivi. Ndiyo sababu tulikuwa watu wane kuligeuza.

Ugumu. Wataalamu wanapima ugumu wa mawe kutoka 1 mpaka 10. Marumaru ina 3. Ukucha wa mtu una 2 na nusu. Kisu kinapita 5. Mchanga mweupe wa mto una 7. Maana yake mchanga unakwaruza marumaru sawa panga linavyokwaruza mti. Marumaru inaonekana ngumu kwa sababu ni nzito na baridi, lakini kati ya mawe ya kujengea ni laini.

Asidi. Hili ndilo lililotuangusha. Karbonati ya kalsiumu ikikutana na asidi inaachana: sehemu moja inayeyuka katika maji, sehemu nyingine inatoka kama gazi ya kaboni. Lile povu lilikuwa gazi hiyo. Ndimu ni asidi. Siki ni asidi. Divai na maji ya nanasi vilevile. Vinakula uso uliong'arishwa na kuacha baka lisilong'aa. Baka hilo si uchafu, ni kidonda. Huwezi kulifuta, sawa vile huwezi kufuta shimo. Kwa njia hiyo munaweza kutofautisha marumaru na granite: granite haitoi povu kwa ndimu.

Mafuta. Maji hayaingii sana katika marumaru, lakini mafuta, wino na kutu ya chuma vikikaa juu yake siku nyingi vinapenya, na doa linakuwa gumu kutoa.

Moto. Marumaru ikichomwa mpaka digri 900 hivi inageuka chokaa ya kujengea. Katika Zama za Kati watu wa Roma walichoma sanamu nyingi za zamani katika tanuru ili kupata chokaa. Mtu asiyejua thamani ya kitu anaweza kufanya sanamu kuwa simenti.

Jua na mvua. Mvua inaondoa mng'ao polepole. Na mabamba membamba yakipigwa na joto na baridi kila siku yanaweza kupinda, kwa sababu fuwele zinatanuka upande mmoja zaidi ya upande mwingine, na mwisho zinaachana. Katika Chicago, Marekani, jumba refu sana lililokamilika mwaka 1973 lilifunikwa na mabamba karibu 43.000 ya marumaru nyeupe ya Carrara, yenye unene wa santimetre 3 hivi. Yalianza kupinda na kupasuka. Kati ya 1990 na 1992 yaliondolewa yote, yakawekwa ya granite. Wale walikuwa wahandisi wenye diploma kubwa. Kumbe si makapita peke yao wanaoweza kukosa kuuliza jiwe tabia yake.

8. Liwekwe wapi, litunzwe namna gani?

Kutoka katika tabia hizo tunaweza kujua matumizi yake. Bardiglio inafaa ndani ya nyumba: sakafu ya kanisa au ya baraza, ngazi, ukuta, juu ya meza, kizingiti cha dirisha, kitako cha sanamu. Haifai sana jikoni, pahali pa ndimu, siki na nyanya. Haifai mabamba membamba nje ya jumba refu. Na pahali wanapopita watu wengi wenye viatu vya mchanga, lazima pawekwe mkeka mlangoni.

Tena mutu asiwadanganye kwa kuwauzia simenti iliyopakwa rangi. Angalia ubavu wa bamba: katika marumaru ya kweli mishipa inapita unene wote wa jiwe. Katika kitu kilichopakwa, inaishia juu. Sakafu ya granito, ile ya simenti na vipande vya mawe, inaonyesha vipande wazi. Nayo ni nzuri, lakini si marumaru, na bei yake isiwe ya marumaru.

Kwa utunzaji, sheria ni ndogo. Maji safi, sabuni kidogo isiyo kali, kitambaa laini, halafu kausha. Nta ya mshumaa iache igande, halafu iondoe kwa kipande cha mti, si kwa kisu. Hakuna ndimu, hakuna mchanga, hakuna majivu. Chini ya chupa ya divai ya Meza ya Bwana weka kitambaa au sahani.

9. Kutengeneza

Mwalimu wa shimi alisema dawa ya baka ni moja tu: kushusha uso wote kidogo mpaka ulingane na kidonda, halafu kuung'arisha tena. Tuliomba papie-vere katika atelie ya useremala. Tulianza na namba 220 pamoja na maji, tukafuata 400, kisha 800, kisha 1.200. Kila namba inafuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukiruka moja, mwisho wake utaiona. Tulijaribu kwanza upande wa chini wa bamba, ndipo tukagusa upande wa juu.

Kazi hii ilichukua Jumamosi tatu. Nilikuwa nimepanga kuifanya peke yangu. Jumamosi ya kwanza, nilipofungua mlango wa kanisa, nikakuta watoto wale watatu wa mwaka wa pili wamekwisha kufika, wameleta ndoo za maji. Nikawaambia: "Ninyi hamuna azabu tena. Endeni mucheze." Mmoja akajibu: "Kapita, siye ndiye tulilisugua. Tunataka kujua namna linapona." Tukafanya pamoja. Nikawaomba musamaha siku hiyo, na leo ninawaomba tena mbele ya shule nzima.

Jiwe limepona karibu lote. Mishipa yake myeupe imeonekana tena, na mawingu ya rangi ya majivu nyuma yake. Lakini asubuhi, jua likiingia kwa dirisha la mashariki, baka moja karibu na kona linaonekana bado. Hapo ndimu ilikaa muda mrefu zaidi, wakati nilipojibu "endeleeni tu". Mwalimu alisema tukisugua zaidi hapo tutafanya bonde. Tumeliacha.

10. Neno la mwisho

Munisikie ninyi mutakaokuwa makapita mwaka ujao. Mtu akikuja mbio kukuambia kitu kinaharibika, simama, uende uone. Yeye aliye karibu na jiwe anaona povu kabla yako, hata kama yuko mwaka wa pili. Na kabla ya kusema kitu ni kichafu, uliza kwanza rangi yake inatoka wapi. Pengine amezaliwa nayo.

Mkipita karibu na Meza ya Bwana, gusini jiwe kwa mkono safi. Lilikuwa bahari, likawa mlima, likashushwa na watu waliopaka magogo sabuni, likavuka maji mengi mpaka kwetu. Tulitunze.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita